Maandamano Yalipita, Wenyeji Wakabaki: Hotuba Kuhusu Kaunti ya Lowndes

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu niliofundisha nao na wengine niliowafundisha mimi mwenyewe, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: mwangaluka!

Mliniomba nizungumze juu ya historia ya mahali padogo. Nadhani mlitarajia nianze na Shinyanga hii, pamba yake na almasi ya Mwadui. Hayo mnayajua, na wengine mnayajua kuliko mimi. Leo nawapeleka mbali kidogo, kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, kwenye kaunti inayoandikwa Lowndes na kutamkwa Laundizi. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Montgomery. Nilikaa kwake miezi miwili, na Lowndes ni mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwake. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alinipeleka yeye, mara mbili nyingine nilimsumbua anipeleke.

Ni mahali padogo kweli. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 10,311. Kata zetu nyingi zina watu zaidi ya hao. Makao makuu ni Hayneville, na ukipiga chafya ukiwa unaendesha umeshapita. Ila kuna jambo moja naomba mlishike tangu sasa, maana bila hilo habari yote itawapotea. Kaunti ya kule ni kama wilaya yetu, lakini wakubwa wake hawateuliwi kutoka juu. Mkuu wa polisi, mkadiriaji wa kodi, mkusanyaji wa kodi, mchunguzi wa vifo, bodi ya shule, wote wanapigiwa kura na watu wa pale pale. Mkuu wa polisi wanamwita sherifu. Wenzetu wa pwani wasichanganye na sharifu wao. Huyu hana uhusiano wowote na ukoo wa Mtume, na kwa miaka mingi pale Lowndes alikuwa kinyume chake.

Basi tuanze na udongo, maana mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba na kitu cha kwanza nilichotazama nilipotelemka garini kilikuwa chini ya viatu vyangu. Nikacheka peke yangu. Binti akaniuliza, "Baba, vipi?" Nikamwambia, "Hii ni mbuga!" Udongo ule ule mweusi, mzito, unaonata kama uji wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Ukanda wote ule wa Alabama unaitwa Ukanda Mweusi, na jina lilianza na rangi ya udongo kabla watu hawajaanza kulitumia kwa rangi ya wakazi.

Udongo huo ulikuwa wa Wamuskogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Ndani ya kaunti hiyo, kwenye ukingo wa mto Alabama, walikuwa na kijiji walichokiita Ardhi Takatifu. Tarehe 23 Desemba 1813 jeshi la Wamarekani lilikivamia na kukichoma. Kiongozi wao William Weatherford, inasimuliwa, alijitosa mtoni pamoja na farasi wake akavuka chini ya risasi. Mwaka uliofuata wakalazimishwa kutia sahihi mkataba uliowanyang'anya zaidi ya ekari milioni 20. Mwaka 1830 kaunti ikaundwa, ikapewa jina la mwanasiasa wa South Carolina, William Lowndes.

Wakaja wenye mashamba, wakaja na watumwa, wakapanda pamba. Kufikia mwaka 1860 karibu watu 7 kati ya kila 10 waliokuwa wakiishi Lowndes walikuwa mali ya mtu mwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa, utumwa ukafutwa, wanaume weusi wakapata kura kwa muda. Halafu ikaja katiba ya Alabama ya mwaka 1901, iliyoandikwa makusudi ili kuwatoa kwenye daftari la wapiga kura: mitihani ya kusoma, kodi ya kichwa ya mpiga kura, na karani mwenye uhuru wa kukukataa kwa sababu yoyote. Mwaka 1965 ulipoanza hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura la Lowndes. Hata mmoja, katika kaunti ambayo watu weusi walikuwa kama 8 kati ya 10.

Waliishije? Walilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Ndugu zetu Wakenya wangewaita maskwota. Unapewa mbegu, unga na mafuta kwa mkopo katika duka la mwenye shamba. Pamba inapimwa kwenye mizani yake. Hesabu inaandikwa kwenye kitabu chake. Mwisho wa msimu unaambiwa umebakiza deni. Wazee hapa mnaijua habari ya mizani ya pamba. Mnakumbuka kwa nini vyama vya ushirika vilizaliwa huku Usukumani miaka ya 1950. Sasa chukueni mizani ile, muiongezee bunduki.

Nisiwafanye mdhani kwamba watu walikaa kimya. Mwaka 1892 ilianzishwa shule katika kijiji cha Calhoun. Waanzilishi walikuwa wanawake wawili Wazungu kutoka kaskazini, Charlotte Thorn na Mabel Dillingham, wakisaidiwa na mwalimu mweusi mashuhuri, Booker T. Washington. Mtasema shule ni shule. Hii ilifanya jambo ambalo ndilo lililonileta mbele yenu leo: ilinunua mashamba makubwa, ikayakatakata, ikawauzia wazazi wa wanafunzi vipande kwa malipo ya kidogo kidogo. Familia kadhaa zikapata hati zao. Ekari 40, ekari 50. Lishikeni na hilo.

Mwaka 1906 akaja msomi mkubwa, W. E. B. Du Bois, na wasaidizi wake. Wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza nani analima nini, anadaiwa kiasi gani, ardhi ni ya nani. Kazi hiyo aliifanya kwa idara ya serikali iliyoshughulikia takwimu za wafanyakazi. Akaandika, akawasilisha. Wakakataa kuichapisha kwa kuwa imegusa siasa, na baadaye alipoulizia akaambiwa maandishi yameharibiwa. Mimi nimefundisha historia miaka 34. Nimesoma habari nyingi za damu kuhusu Lowndes, na nitawaeleza baadhi, lakini hii ya kitabu ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila familia ya kaunti nzima iliandikwa, pamoja na deni lake, halafu mtu fulani ofisini akaona afadhali karatasi zile zisiwepo.

Mwaka 1935 wachuma pamba waligoma. Walitaka dola 1 kwa kila ratili 100. Dola moja, jamani. Wakapigwa, wakafukuzwa, wengine wakauawa. Mwaka 1947 alikuwepo bwana mmoja mweusi, Elmore Bolling, mwenye duka na malori ya kubebea mifugo, ameajiri watu. Aliuawa kwa risasi Desemba ya mwaka huo karibu na duka lake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kufanikiwa. Kibao cha kumbukumbu yake kipo kando ya barabara kuu, na bintiye ndiye aliyehangaika hadi kikasimama, miaka 60 baadaye. Ndiyo maana watu wa jirani waliiita kaunti hiyo Lowndes ya Damu.

Sasa tufike 1965. Wengi mnajua maandamano ya Martin Luther King ya kudai haki ya kupiga kura, kutoka Selma kwenda Montgomery. Mmeona picha za daraja, polisi wakiwapiga watu kwa virungu. Selma iko kaunti ya Dallas, magharibi. Montgomery iko mashariki. Katikati, fungueni ramani muone, ni Lowndes. Katika kilomita 87 za maandamano yale, sehemu kubwa ilikuwa kukatiza Lowndes, na ndiyo sehemu inayorukwa kwenye vitabu, kama vile watu walipanda basi pale katikati.

Kabla maandamano hayajafika, wenyeji walikuwa wameshaanza wenyewe. Tarehe 1 Machi 1965 watu karibu 40 walikwenda mahakamani Hayneville kuomba kuandikishwa. Walirudishwa. Wakaja tena. Zoezi likahamishiwa kwenye jela ya zamani ya mji, jela ambayo ndani yake watu waliwahi kunyongwa, ili kila anayekuja kujiandikisha apite mlango huo kwanza. Wakaingia hivyo hivyo. Wawili wa kwanza kukubaliwa walikuwa mkulima aitwaye John Hulett na mhubiri asiyeona, J. C. Lawson. Nimefikiria sana juu ya mhubiri huyo. Jimbo linakudai mtihani wa kusoma, na wewe huoni.

Tarehe 22 Machi maandamano yakaingia kaunti. Barabara kuu namba 80 pale ilikuwa nyembamba, njia mbili tu, na jaji wa mahakama ya shirikisho alikuwa ameamuru wasizidi watu 300 kwenye kipande hicho. Wapite sawa, lakini walale wapi? Watu 300, usiku, katika kaunti hiyo. Hapa ndipo ekari zinapoingia. Hakuna mwenye shamba Mzungu angewakubali, na skwota mweusi hana kiwanja cha kumkaribisha mtu. Usiku wa kwanza ndani ya Lowndes walilala kwenye shamba la bibi mjane wa miaka 78, Rosie Steele. Usiku uliofuata, mvua ikinyesha, walilala kwa Robert Gardner, kwenye matope. Mnajua matope ya mbuga yalivyo. Wamelala juu ya nyasi kavu zilizotandazwa na plastiki juu yake, na bado maji yalipenya. Hao wawili walikuwa wenye hati. Bila watu weusi wenye hati kwenye ile barabara, maandamano yale makubwa yangekosa pa kulaza ubavu.

Tarehe 25 Machi King akahutubia Montgomery, watu wakashangilia, magari yakaanza kuwarudisha nyumbani. Usiku ule mama mmoja wa Detroit, Viola Liuzzo, miaka 39, mama wa watoto watano, Mzungu, alikuwa amejitolea kuwasafirisha watu kwa gari lake. Pamoja naye alikuwa kijana mweusi wa miaka 19, Leroy Moton. Walipokuwa wakipita Lowndes gari la watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, likawafuata, likawafikia, wakampiga risasi kichwani. Moton aliokoka kwa kulala kimya wauaji waliporudi kutazama. Jiwe la kumbukumbu lipo juu ya kilima kidogo kando ya barabara. Limezungushiwa uzio wa chuma. Nilimwuliza binti yangu kwa nini kaburi lisilo na mtu linafungwa kama ghala. Akasema, watu walikuwa wakija kulichafua.

Agosti ikaja nyingine. Kijana wa chuo cha uchungaji wa Kianglikana, Jonathan Daniels, kutoka New Hampshire, alikamatwa na wenzake huko Fort Deposit, mji mdogo wa kaunti hiyo hiyo, kwa kushiriki maandamano ya kupinga maduka yaliyowabagua watu weusi. Walikaa mahabusu Hayneville karibu wiki. Tarehe 20 wakaachiwa ghafla, bila usafiri. Wanne kati yao wakatembea hadi dukani kununua soda. Mlangoni alisimama Mzungu mmoja wa pale, Tom Coleman, na bunduki. Akamwelekezea binti mweusi wa miaka 17, Ruby Sales. Daniels akamsukuma binti, akaipokea risasi yeye. Alikuwa na miaka 26. Padri Mkatoliki aliyekuwa pamoja nao, Richard Morrisroe, alipigwa risasi mgongoni akanusurika.

Kesi za mauaji hayo mawili zilisikilizwa katika jengo lile lile la mahakama la Hayneville, jengo jeupe lenye ngazi pande mbili, zuri kwa kweli, uongo haunisaidii. Kule hatia inaamuliwa na raia 12 wanaoitwa juri. Fikirieni wazee wetu wa baraza, ila wao ndio wenye neno la mwisho. Mwaka ule juri lote lilikuwa la wanaume Wazungu. Coleman aliachiwa huru tarehe 30 Septemba. Mshtakiwa wa kwanza katika kesi ya Liuzzo aliachiwa mwezi uliofuata. Baadaye mahakama ya shirikisho iliwafunga watatu miaka 10, kwa kosa la kula njama dhidi ya haki za raia. Kwa mauaji yenyewe, hapana.

Sasa kuna tukio ambalo hata wengi wa Alabama hawalijui, na mimi nalipenda kwa sababu ni la wenyeji. Mara baada ya Daniels kuuawa, watu wa Lowndes wakafungua kesi. Jina la kwanza kwenye hati ni la mama mmoja wa pale, Gardenia White. Walidai juri linalowatenga watu weusi ni batili, na kwa kuwa sheria ya Alabama iliwazuia wanawake wote, weusi kwa weupe, kukaa kwenye juri, wakadai na hilo pia ni batili. Mmoja wa mawakili walioijenga hoja hiyo ya wanawake alikuwa Pauli Murray, mwanamke mweusi aliyewahi kufundisha sheria Ghana. Februari 1966 mahakama ya shirikisho ikawapa ushindi kwa yote mawili. Ndiyo mara ya kwanza mahakama ya shirikisho kutamka kwamba kuwatenga wanawake kwenye juri kunavunja katiba. Wanawake wa Alabama waliokaa kwenye juri baada ya hapo, wakiwemo Wazungu ambao waume zao waliwachukia watu wa Lowndes, walifunguliwa mlango na mama wa kijijini.

Tarehe 6 Agosti 1965 ilisainiwa sheria ya haki ya kupiga kura, na maofisa wa serikali kuu wakafika Fort Deposit ndani ya siku chache. Mamia wakajiandikisha. Na wenye mashamba wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo tangu zamani: toka kwenye nyumba yangu. Umejiandikisha? Beba vyombo. Familia zilizoishi kwenye shamba moja vizazi viwili vitatu zikatolewa katikati ya baridi.

Wengine walihama kaunti. Mwishoni mwa Desemba 1965, kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa mikononi mwa watu weusi, kando ya barabara ile ile namba 80, yakasimamishwa mahema. Kambi. Familia zilizokataa kuondoka ziliingia humo na watoto wao. Usiku magari yalipita yakifyatua risasi, kwa hiyo wanaume wakalinda kwa zamu, na bunduki mikononi. Hema moja jiko la mafuta, vitanda vya turubai, watoto wanaamka alfajiri kwenda shule. Wengine waliishi hivyo miaka miwili au zaidi, wakiondoka mmoja mmoja kadiri walivyopata kiwanja na kujenga. Pale leo pana jengo la makumbusho la serikali, limefunguliwa 2006, na ndani yake wamesimamisha hema moja la mfano. Niliingia nikakaa chini. Binti akadhani nimeugua.

Na hapo kwenye mahema ndipo siasa ilipoiva. Kulikuwa na vijana wa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi SNCC. Maarufu wao alikuwa Stokely Carmichael. Wakati maandamano yanapita Lowndes, yeye na wenzake walikuwa pembeni ya barabara wakiandika majina ya wenyeji waliotoka kuangalia. King aliendelea Montgomery. Wao wakarudi na yale majina, nyumba kwa nyumba. Waliwauliza watu: kura mnayo, mtampa nani? Chama cha Democratic cha Alabama, chama pekee chenye nguvu, kilikuwa kimepandisha ada ya kugombea kutoka dola 50 hadi 500. Na kwenye karatasi ya kura nembo yake ilikuwa jogoo mweupe, na juu ya jogoo maneno ya kutukuza ukuu wa Wazungu. Wakenya wakisikia jogoo wanakumbuka KANU. Huyu alikuwa jogoo mwingine kabisa.

Watafiti wa SNCC wakakuta sheria ya zamani ya jimbo: wananchi wa kaunti moja wanaweza kuunda chama chao, wakikutana siku ya mchujo na kuteua wagombea. Kila chama lazima kiwe na nembo, maana wapiga kura wengi hawakusoma. Wakafikiria njiwa. Njiwa! Wenyeji wakaona hapana. Mwishoni wakachukua chui mweusi, aliyeigwa kutoka nembo ya timu ya chuo kimoja cha Atlanta. John Hulett alieleza vizuri: chui ukimsukuma anarudi nyuma, anarudi, anarudi, mpaka afike kwenye kona. Hapo anatoka.

Ngoja nisimame kidogo hapa. Mwaka huo huo, Septemba 1965, sisi Tanzania tulifanya uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja. Karibu kila jimbo wagombea wawili, na kwa sababu ile ile, kwamba wengi hawakusoma, mmoja alipewa jembe na mwingine nyumba. Mawaziri walianguka. Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu wetu wa pamba, aliangushwa. Wakati mzee wa huku anachagua kati ya jembe na nyumba, bibi wa Lowndes alikuwa anaandaliwa kuchagua kati ya jogoo na chui. Wote wawili walikuwa wanaanza. Na kuna uzi wa kweli unaounganisha pande hizi: Courtland Cox, kijana wa SNCC aliyefanya kazi kwenye chama hicho cha chui, ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa maandalizi ya Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Juni 1974. Huenda wengine hapa mlipishana naye kantini.

Kilichonivutia kama mwalimu ni vijitabu. SNCC walichapisha vijitabu vya picha za kuchora, maneno machache, kila kimoja kikieleza cheo kimoja. Sherifu kazi yake nini. Mkadiriaji wa kodi kazi yake nini, na kwa nini shamba la bwana mkubwa linalipiwa kodi ndogo kuliko nyumba yako. Watu walikaa kanisani usiku wakasoma hayo. Mgombea wao wa ukadiriaji wa kodi, Alice Moore, alikuwa na sera fupi kuliko zote nilizowahi kusoma: tajiri atozwe, maskini ale. Nawashauri wagombea wetu waige, si sera tu, hata urefu wa hotuba.

Tarehe 3 Mei 1966 walikusanyika karibu watu 900 nje ya kanisa la Kibaptisti Hayneville, si mbali na mahakama ile, wakateua wagombea saba. Maagizo ya siku ya uchaguzi yalikuwa sentensi moja: mpigie chui, kisha nenda nyumbani.

Tarehe 8 Novemba wakashindwa. Wote saba. Wenye mashamba waliwaleta vibarua wao kwa malori na kuwaambia wapige wapi, na wasiobebwa na lori walikumbuka kambi ya mahema. Hata hivyo chui alipata kura zaidi ya asilimia 40, na sheria ilitaka asilimia 20 tu ili kiwe chama rasmi. Kwa hiyo walishindwa uchaguzi na wakapata chama siku hiyo hiyo. Mwezi mmoja kabla, huko Oakland, California, vijana wawili, Huey Newton na Bobby Seale, walikuwa wameshamchukua yule chui na kuanzisha chama kilichojulikana dunia nzima. Waulizeni watu leo Chui Weusi walitoka wapi, watakwambia California. Wametoka mbugani, ndugu zangu.

Mwaka 1970 John Hulett alichaguliwa sherifu wa Lowndes. Mkulima yule wa jela ya zamani. Akakaa kwenye cheo hicho zaidi ya miaka 20. Kijana mmoja wa SNCC, Bob Mants, aliyekuja kama mgeni, alihamia moja kwa moja akalima pale, akawa diwani wa kaunti, akafariki 2011. Wakosoaji walisema wanasiasa weusi wa Lowndes baadaye walizoea viti kama waliowatangulia, na sina sababu ya kuwabishia. Viti vina tabia yake.

Namalizia na udongo, kwa sababu bado haujamaliza kazi yake. Mbuga haifyonzi maji. Chimba shimo la choo huku Kishapu wakati wa masika uone. Lowndes ni hivyo hivyo: tangi la kawaida la maji taka linafurika na kurudisha uchafu ndani ya nyumba, na mfumo unaofaa kwa udongo ule unagharimu maelfu mengi ya dola. Nyumba nyingi ziko mbali na mabomba ya mji. Kwa hiyo wengi wanatoa bomba tupu kutoka nyumbani hadi kichakani. Mwaka 2017 wanasayansi walitoa matokeo ya kupima watu 55 wa pale. 19 walikutwa na vimelea vya minyoo ya safura. Marekani! Safura tuliyofundishwa shuleni kwamba ni ugonjwa wetu. Na kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikiwatishia wenye mabomba hayo kwa faini na jela, badala ya choo.

Mwenyeji mmoja, Catherine Coleman Flowers, aliyekulia humo humo, amelipigia kelele jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 wizara ya sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama ili tatizo lishughulikiwe. Aprili 2025 utawala mpya ukayafuta makubaliano hayo. Mara ya tatu tulipokwenda mvua ilikuwa imenyesha, na nyuma ya nyumba moja niliona dimbwi, na bomba jeupe linaingia kwenye dimbwi hilo, na mpira wa mtoto unaelea. Nyumba ilikuwa na bustani safi ya maua mbele. Ardhi yake mwenyewe, aliniambia mwenye nyumba, babu yake aliinunua.

Kila Agosti Waanglikana wanakwenda kwa hija Hayneville. Wanaingia kwenye ukumbi ule wa mahakama na kuadhimisha misa, meza ya hakimu ikiwa altare. Nilisimama ndani yake siku ya kazi, hakuna misa, karani mmoja tu anakula chakula chake cha mchana. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, Shinyanga. Akauliza huko mnalima nini. Nikamwambia pamba. Akaacha kula, akasema, "Basi unajua."

Ndugu mwenyekiti, muda wangu nadhani umekwisha, na kuna mzee hapa mstari wa mbele amenyosha mkono tangu nilipotaja jembe na nyumba. Mpeni kipaza sauti. Mzee, shikamoo, ulipigia lipi?